Siku Tairi za Kapteni Zilipopatwa na Baridi

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie niliyojifunza kazini kabla sijayasahau. Nimestaafu mwezi uliopita. Mgongo wangu ulikuwa umestaafu zamani. Vyeo sitavitaja, kwa sababu vilikuwa vitatu tu, na viwili kati ya hivyo nilivipata kwa kuwa waliovishika walifariki. Mshahara nao tuuache. Ulikuwa na desturi ya kutokuwapo, na si adabu kumsengenya asiyekuwapo.

Nilifika Moroni katika miaka ya askari weupe wa kukodiwa, wale waliokuja mwaka 1978 wakakaa kama wageni waliosahau nauli ya kurudia. Mimi ni mtoto wa Wangazija wa Unguja. Kiswahili ndicho nilichokinyonya, na ndiyo sababu nawaandikia kwacho. Nanyi wenye Kikomoro mtanisamehe kama mlivyonisamehe maisha yangu yote. Kutoka Unguja nilipata nafasi ya kusoma Ulaya, katika mji ambao theluji huanza kabla watu hawajamaliza kuvuna viazi. Huko nilisomea uhandisi wa mitambo kwa miaka mitano, na tasnifu yangu, nene na yenye michoro, ilihusu jinsi ya kuwasha injini ya dizeli katika baridi kali.

Siku yangu ya kwanza karakanani, nilimkuta Fundi Kombo amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana. Yeye ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wangu kwa miaka iliyofuata, lakini siku ile alikuwa soli mbili za ndara.

"Umesomea nini, msomi?" soli ziliuliza.

Nikamweleza. Alijitoa chini ya lori polepole, akanitazama, kisha akatazama nje, ambako lami ilikuwa inayeyuka na kunguru wamekaa midomo wazi kwa joto.

"Alhamdulillahi," alisema. "Tulikuwa na upungufu huo."

Wiki tatu za kwanza alinioshesha bolti kwa mafuta ya taa. Nilidhani ananidhalilisha, na kweli alikuwa ananidhalilisha, lakini pia alikuwa ananifundisha: mwisho wa wiki ya tatu niliweza kuitambua bolti kwa vidole huku nimefumba macho, na kusema imetoka wapi na imelia mara ngapi. Kifaa chake kikuu kilikuwa kijiti cha mpera, urefu wa mkono. Aliweka ncha moja kwenye injini na nyingine sikioni, akafunga macho, kisha akasema, "Beringi ya pili inazungumza." Nyinyi mna mashine za kusoma hitilafu. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba kijiti hakikuwahi kuomba betri.

Kisha likaja gari la Kapteni.

Jina lake la kuzaliwa hatukulijua. Askari wale walijipa majina ya Kiislamu walipofika, na huyu alijiita Yunus, pengine kwa sababu naye alikuwa amemezwa na mambo mengi makubwa akatapikwa. Gari lake lilikuwa jekundu, la milango miwili, la mbio, na chini kiasi kwamba mbuzi walilitazama kutoka juu kwa dharau. Lilikuwa na nguvu za kukizunguka kisiwa kabla dereva hajamaliza bismillahi, ila barabara zetu zilikuwa na mashimo ambayo lingeweza kuzikwa humo kwa heshima zote. Katika vichochoro vya Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, halikuingiza hata pua. Kapteni aliliacha karibu na bahari, akaenda kununua sigara kwa miguu kama mtu yeyote.

Tairi zake ndizo kisa chenyewe. Zilikuwa tairi za mbio, zilizotengenezwa kwa kiangazi cha Ulaya, pana kama magodoro na karibu kipara. Mpira wa namna hiyo hushika barabara vizuri sana ukiwa na joto. Ukipatwa na baridi hukakamaa, na gari likaenda linakotaka. Yote hayo yalielezwa katika kijitabu kilichokuwa ndani ya gari. Nilikisoma mara nne, na mara ya nne nilikuwa nakisoma kwa starehe. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke Moroni, mtu alikuwa anazungumza nami habari za baridi.

"Hicho kitabu kina hadithi gani," Fundi Kombo aliniuliza, "mbona unatabasamu peke yako?"

Kipupwe cha mwaka ule Kapteni alipelekwa kisiwa cha Nzwani, mjini Mutsamudu, kwa wiki kadhaa, na gari likapakiwa melini limfuate. Mimi na Fundi Kombo tulipakiwa pamoja nalo, yeye aliendeshe, mimi nikishike kijitabu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuelewa nusu ya Kikomoro cha Moroni. Nilipofika Mutsamudu nikakuta wanasema kingine, nikaanza upya. Lakini kwa Fundi Kombo safari ile ilikuwa neema, maana kwao ni Mutsamudu, na binti yake Zainabu alikuwa anaolewa Ijumaa iliyofuata. Tulifikia nyumbani kwa mama mkwe wake, Koko Hidaya. Koko ni bibi, lakini yule alikuwa bibi wa mji mzima: mkunga, aliyewapokea nusu ya watu wa Mutsamudu kwa mikono yake na ambaye hakuna mwanamume aliyethubutu kubishana naye, kwa kuwa alikumbuka kila mmoja alivyolia alipozaliwa.

Usiku wa kuamkia Jumapili Kapteni alilala Domoni, upande wa pili wa kisiwa, nasi pamoja naye, na asubuhi akamtuma Fundi Kombo atangulie kumrudishia gari Mutsamudu. Barabara hiyo hupanda mlima, hupita Patsi ambako wakati wa kipupwe ukungu hushuka hadi magotini, kisha huteremka. Karibu na Patsi kuna kona. Fundi Kombo, mtu ambaye hakuwahi kukwaruza hata bampa ya mkokoteni, aliingia kwenye kona ile na gari likakataa kukata. Likaenda moja kwa moja likaubusu mgomba.

Hasara ilikuwa taa moja na mgomba mmoja. Balaa ni kwamba chini ya kiti kulikuwa na chupa ya wiski ya Kapteni, na ilivunjika. Mimi na Kapteni tulipofika na gari la jeshi, tulimkuta Fundi Kombo amekaa juu ya jiwe, ananuka kama kilabu.

"Amelewa," Kapteni alisema kwa Kifaransa.

Nikatafsiri, kwa aibu.

"Mwambie chupa ni yake," Fundi Kombo alijibu.

Nikamrudishia jibu: "Anasema chupa anaijua. Anauliza kilichokuwamo kimekwenda wapi."

"Mwambie kimekwenda kwenye suruali yangu."

Nilitafsiri hilo pia. Halikusaidia.

Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, havipitishi gari, lakini hupitisha habari vizuri mno. Tulipofika mjini alasiri, kila baraza ilikuwa na toleo lake: kwamba Fundi Kombo alikunywa chupa moja, kwamba alikunywa mbili, kwamba alikuwa anaimba. Kabla ya magharibi shangazi wa bwana harusi akaja, akakaa, akanywa chai, akasifu vitumbua, kisha akasema kwa upole kwamba wanaomba harusi isubiri kidogo kwa sababu kijana amepatwa na mafua.

Sote tulijua mafua yale. Yangepona jina la Fundi Kombo likisafishwa. Lisiposafishwa, yangeua ndoa, na Zainabu angebaki binti wa mlevi katika mji ambao watu bado wanakumbuka nani alisinzia msikitini enzi za babu zao. Fundi Kombo alitoa kijiti chake cha mpera akakaa akikitazama, na hapo ndipo nilipoona kwamba mzee anataka kulia.

Basi mimi, na tasnifu yangu, nikasimama.

"Ni baridi," nilisema. "Tairi zilikuwa na baridi. Naweza kulithibitisha."

Kesho yake nilikwenda kwa Kadhi wa mji, ambaye ndiye angefungisha ndoa, nikamweleza habari za mpira na joto kwa muda mrefu. Alisikiliza kwa subira ya mtu aliyezoea kusikiliza wanandoa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Alhamisi asubuhi tupande Patsi. Gari lipite kwenye kona mara mbili kwa mwendo uleule, kwanza tairi zikiwa baridi, kisha zikiwa zimepashwa joto. Mara ya kwanza litateleza, mara ya pili litashika, na kila mtu ataona kosa ni la nani. Kapteni aliambiwa, akacheka, akakubali. Alisema tairi zikiwa na kosa atalisema kwa kinywa chake mbele ya Kadhi. Zisipokuwa na kosa, atarudia neno lake la Jumapili kwenye baraza la msikiti.

Jioni ile Koko Hidaya aliniita jikoni.

"Hizo tairi zina nini hasa?"

"Zimepatwa na baridi, Koko. Zimekakamaa. Zikipata joto zitalainika, zitafanya kazi yake."

"Kama mzazi," alisema. "Mwanamke aliyetoka kujifungua."

"Kama mzazi," nikakubali, kwa kuwa nilikuwa nimechoka kueleza. Vijana, andikeni hili popote mnapoandika mambo: ukichoka kueleza, nyamaza, usikubali mfano wa mtu.

Alhamisi tulipanda. Ukungu ulikuwapo, manyunyu yalikuwapo, na kipimajoto changu kilionyesha nyuzi kumi na nne. Huko nilikosoma, zikifika kumi na nne watu huvua mashati wakajilaza kwenye majani. Patsi, Kadhi alikuwa amevaa makoti mawili, na kofia juu ya kofia.

"Fundi," nilimnong'oneza mwalimu wangu, "nenda kasi ileile ya Jumapili. Usiogope. Tunataka uteleze."

"Nitateleza," aliahidi.

Hakuweza. Mtu ambaye ndoa ya mwanawe imening'inia kwenye kona hawezi kuikimbilia kona hiyo. Alikuja polepole kama anayebeba maiti. Kuku wawili walimpita. Kadhi alitembea kando ya dirisha lake akimsomea dua, na hakuhitaji kuharakisha. Gari lile la mbio lilikata kona kwa adabu zote, likasimama mbele yetu bila kuteleza hata unene wa kidole.

Kapteni alipiga makofi. "Akiwa hajanywa anaendesha vizuri sana," alisema. "Andika hilo, msomi."

Niliandika.

"Nimeshindwa kuteleza," Fundi Kombo alisema, akiutazama mguu wake wa kulia kama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni. "Miaka ishirini naukataza, leo nauomba ukose, umekataa."

Ilibaki nusu ya pili, na kwa sayansi yangu nusu ya pili ilikuwa haina faida tena. Kuonyesha kwamba tairi zenye joto zinashika, baada ya zile za baridi kushika, ni kuonyesha kwamba maji yanalowesha. Lakini Koko Hidaya, aliyejitwika kazi ya kuzipasha, alikuwa amekwisha kufika kwa pikapu, na majiko manne ya mkaa, na shiromani nne, zile nguo nyekundu na nyeupe ambazo wanawake wa Nzwani hujifunika, na kapu lake la kazi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrudisha. Tuliinua gari kwa jeki, tukafungua magurudumu, tukamwachia. Kadhi na Kapteni nikawachukua hadi kwenye kona niwaonyeshe vipimo vyangu, ambavyo hakuna aliyevitaka.

Tuliporudi, karibu saa nzima baadaye, magurudumu yalikuwa yamepangwa kando ya makaa, kila moja limevikwa shiromani, mpira ukichungulia juu kama vichwa vya watoto mapacha wanne wanaosubiri kupewa majina. Niliugusa mmoja. Ulikuwa na joto zuri, unang'aa, unanukia karafuu. Nikadhani mng'ao ni wa joto na harufu ni ya Koko. Nikaandika katika daftari, kwa mwandiko wangu wa chuo kikuu: hali ya tairi, nzuri sana.

Magurudumu yalipofungwa, Fundi Kombo alinyoosha mkono apewe ufunguo. Kapteni akauchukua yeye.

"Huyu ataendesha tena kama amebeba mayai," alisema. "Nitawaonyesha mimi jinsi gari hili linavyokwenda."

Alirudi nyuma hadi ukungu ukammeza. Tukasikia injini ikinguruma, kisha tukamwona anakuja, mwekundu na wa haraka. Gari halikungoja kona. Mbali kabisa na kona liligeuka likatutazama, likatupa mgongo, likatutazama tena, Kapteni akipita dirishani kila mara na uso wenye swali lilelile. Kisha likatoka barabarani kinyumenyume na kuketi katikati ya shamba la milangilangi. Maua ya njano yalimiminika juu ya boneti kwa utulivu, kama watu wamengoja hadi bwana harusi aketi.

Kapteni alitoka mzima, Mungu ashukuriwe, na maua masikioni.

Koko Hidaya alisema, akikunja shiromani ya kwanza:

"Mwulizeni huyo amekunywa nini."

Kadhi alisogeza kofia yake ya juu. "Msomi, mtafsirie kwa adabu. Kapteni Yunus, umelewa?"

"Mimi?" Kapteni alifoka. "Sijagusa kitu tangu jana!"

"Basi nini kimelitupa gari?"

Kapteni alitazama gari. Akatazama Fundi Kombo, aliyesimama na suruali safi. Niliona njia zake mbili zikipita usoni mwake, moja ya ulevi na moja ya tairi, na nyingine yoyote ingebidi iseme kwamba yeye, dereva wa mbio, hajui kuendesha.

"Tairi," alisema.

"Haikusikika vizuri," Kadhi alisema. "Nina kofia mbili."

"Tairi! Ni tairi! Hakuna binadamu anayeweza kulishika gari lenye tairi kama hizi!"

"Andika, msomi," Kadhi alisema.

Niliandika. Adhuhuri shangazi wa bwana harusi alikuja kutuarifu kwamba kijana ameamka na afya njema na anatamani kula.

Lakini mimi nilikuwa na shida. Furaha ilipopungua, chuo kikuu kikaamka kichwani mwangu: tairi za baridi zilishika, tairi za joto ziliteleza. Tasnifu yangu yote ilikuwa imesimama kwa kichwa. Tulipolivuta gari hadi chini, tukiwa peke yetu watatu, Fundi Kombo alipitisha kidole kwenye mpira, akakinusa, akamgeukia mama mkwe wake polepole.

"Mnanitazama nini?" Koko Hidaya alisema. "Kiungo kilichokakamaa hupashwa moto, kisha hukandwa. Nimezikanda zote nne kwa mafuta ya nazi na karafuu. Ile ya nyuma kushoto ilinisumbua kidogo."

Fundi Kombo aliketi pale pale chini. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akawa hacheki tena. "Ndugu yangu," aliniambia, na hakuwahi kuniita hivyo kabla, "hilo likae hapa hadi ndoa ifungwe. Nakuomba."

Nikaahidi. Tulizisugua tairi zile kwa sabuni na mchanga, na kila nilivyosugua ndivyo ile ripoti yangu ya Patsi ilivyonikaa kooni. Mwalimu wangu hakuwa amekunywa. Hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini alikuwa ameokolewa na karatasi yenye uongo, na uongo huo ulikuwa na sahihi yangu. Siku ikijulikana, wangesema na la Jumapili lilikuwa uongo vilevile. Baada ya alasiri nikavivuka vichochoro hadi nyumbani kwa Kadhi, nimevunja ahadi kabla haijakauka. Nikamweleza yote.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mke wangu amejifungua mara tano," alisema. "Mara tano nyumba hii imenuka mafuta ya Hidaya kwa siku arobaini. Ulidhani pua yangu niliiacha Mutsamudu?"

"Ulijua? Kabla Kapteni hajapanda?"

"Hukuona nilivyosimama nyuma ya mti?"

Nikasema nilidhani anajikinga na upepo.

"Kombo nimesoma naye chuo cha Kurani tangu tukiwa hatuna meno ya mbele," alisema Kadhi. "Hakunywa. Lakini mimi nikisema, Kapteni atasema kadhi anamtetea ndugu yake. Huyo hamsikilizi kadhi. Leo amelisikiliza gari lake. Lete ripoti."

Nikampa. Aliisoma yote, hata vipimo, mtu wa kwanza na wa mwisho kuvisoma.

"Hapa umeandika tairi ziliteleza. Ziliteleza?"

"Ziliteleza."

"Umeandika sababu?"

Nikatazama. Katika msukosuko ule sikuwa nimeandika sababu.

"Basi iongeze. Andika na mafuta, andika nani aliyaweka na kwa nia gani. Itakaa kwangu. Kapteni amekwisha kusema mbele ya watu kwamba dereva mzima anaweza kutupwa na tairi, na hilo ndilo lililotakiwa, na ni kweli."

Niliandika, nikatia sahihi. Kadhi alivuta daftari kubwa la ndoa, akalifungua kwenye ukurasa wa Zainabu, akachovya kalamu.

"Kesho nahitaji mashahidi wawili," alisema. "Wa kwanza ninaye. Wa pili nilikuwa natafuta mtu ambaye hawezi kulala na uongo hata usiku mmoja. Jina lako kamili?"

Nikamtajia, nikanyoosha mkono nionyeshe linavyoandikwa.

"Usiguse," alisema, akilivutia daftari kwake. "Kanawe kwanza hayo mafuta."